Kilichotulia ni nini? Kwa mnaoanza kutafsiri

Ukianza kazi ya kutafsiri hapa Dodoma, utakutana na "utulivu" karibu kila wiki: kwenye taarifa za mikutano ya vijiji, kwenye barua za kumpendekeza mtu kazi, hata kwenye matangazo ya lodge. Kiswahili kinaridhika na neno hilo moja. Kiingereza kinataka uchague, na ukichagua vibaya umebadilisha habari.

Kabla ya kufungua kamusi, jiulize: kilichotulia ni nini, na kulikuwa na kitu gani cha kukitibua?

Chukua sentensi hii: "Wananchi waliipokea taarifa ya fidia kwa utulivu." Ukiandika quietly, umesema hawakutoa neno, na pengine walikuwa wameuliza maswali hadi jua likazama. Peacefully ni neno la maandamano na uchaguzi; msomaji atajiuliza kama kulikuwa na dalili za fujo. Calmly inatosha. Habari ilikuwa nzito, watu hawakupandwa na hasira, basi.

Barua za mapendekezo ndizo zinazoponza wengi. "Ni kijana mtulivu" kwetu ni sifa ambayo mzazi anaringia. Andika quiet, na mwajiri wa kigeni anamwona mtu asiyefungua mdomo kwenye kikao. Placid ni baya zaidi: linakaa vizuri kwa ziwa, ng'ombe au mtoto mchanga asiyesumbua, lakini kwa mtu mzima linadokeza kwamba amepoa kupita kiasi. Calm ni salama. Composed ndilo lenye uzito, maana linasema mambo yalikuwa ya kumtikisa na yeye akajimudu. Usimpe mtu sifa hiyo kwa kubahatisha. Mpigie simu aliyeandika barua, muulize kijana alitulia lini, mbele ya nini.

Hilo calm lenyewe lina asili inayonifurahisha. Wanaisimu wengi hulirudisha kwenye neno la Kigiriki kauma, yaani joto kali, ambalo kupitia Kilatini lilikuja kuhusishwa na jua la utosi, wakati kila kiumbe kinapumzika. Aliyewahi kuwaona mbuzi wa Chamwino saa saba mchana mwezi wa Oktoba, wamebanana chini ya mbuyu, hahitaji ufafanuzi. Mabaharia nao wakalichukua. Kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, kilichoanza mwaka 1805, calm ni namba 0, na dalili yake nchi kavu ni moshi kupanda wima. Ukikuta calm ya namna hiyo kwenye taarifa ya hali ya hewa, andika shwari. Watu wa pwani walishatupatia neno, tulitumie.

Matangazo ya lodge sasa. Kila moja inataka kuitwa serene. Neno hilo linatokana na Kilatini, likisema juu ya anga lisilo na wingu, na bado linafaa uso wa mtu asiye na dukuduku au mandhari iliyofunguka. Tranquil ni ya mahali palipozoea kutulia, kama bustani au kijiji kilicho mbali na barabara. Lodge ambayo malori ya Singida yanaunguruma dirishani usiku kucha haina haki ya neno lolote kati ya hayo. Mwandikie mteja comfortable, kisha mweleze kwa nini. Akikataa, biashara ni yake.

Complacent usiliguse ukitaka kusifu: huyo ni aliyeridhika mpaka akabweteka.

Lakini kwenye karatasi za hospitali ndipo usifanye mchezo. "Mgonjwa ametulia" ni calm, au settled. Sedated maana yake amepewa dawa ya kumtuliza, na daktari wa zamu inayofuata atapanga dozi yake akiamini hivyo. Sentensi ikikutatiza, mtafute muuguzi aliyeiandika kabla hujaigusa.