Futari iliyopikwa jana

Wiki hii mmeuliza: siku ambayo mpishi naye amefunga, futari huandaliwaje? Nimekulia Tanga, nimeoa katika familia ya Kiyahudi huku Philadelphia, na jikoni ni zamu yangu. Najibu kuhusu Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, saumu ya saa 25 hivi, bila chakula wala tone la maji.

Kwa aliyezoea Ramadhani, alasiri ndipo jiko linapopamba moto na mafuta ya sambusa yanapochemka. Yom Kippur hairuhusu hayo. Ni marufuku kuwasha moto, kupika, hata kutandika meza kwa ajili ya usiku. Kila kitu kiwe tayari kabla ya jua kuzama siku ya kuamkia saumu, na watu hurudi kutoka sinagogi usiku, baragumu ya kumaliza saumu imeshapigwa, wako hoi. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: usipange chakula cha kupasha moto. Panga kile ambacho kikilala ndiyo kinanoga.

Familia nyingi za Marekani hufungua kwa vyakula vya maziwa na samaki: begeli (mikate ya mviringo yenye tundu katikati), jibini laini, salmoni ya moshi, heringi wa siki. Hivyo vyote ni vya kununua. Cha kupika ni kugeli, tambi za kuoka na mayai na jibini. Nachemsha gramu 350 za tambi pana za mayai, nazitoa zingali ngumu kidogo kwa sababu zitaendelea kunywa unyevu zikilala. Nachanganya na mayai 6, jibini la chenga, malai chachu, sukari, mdalasini na zabibu kavu, kisha naoka kwa nyuzi 180 muda wa saa moja hivi, hadi katikati paache kutikisika. Naikata ikishapoa kabisa kwenye friji. Ya moto hubomoka.

Usiku wenyewe hutangulia Havdala, ibada fupi ya kuaga siku takatifu kwa divai na mshumaa. Kisha kila mtu glasi ndogo ya maziwa ya lozi yenye iliki, desturi ya Wayahudi wa Iraki. Lozi nimeshazimenya, nimezisaga na kuzichuja kwa kitambaa kabla ya saumu. Tumbo tupu huyapokea vizuri. Heringi asubiri robo saa. Kinachochemshwa usiku ule ni kahawa tu, maana mama mkwe kichwa huwa kinamgonga tangu mchana.