Jumla na rejareja, duka moja la mtandaoni

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina duka la vifaa vya michezo Msamvu, na sasa nauza pia mtandaoni. Anayetaka mpira mmoja na mwalimu anayetaka jezi za timu nzima wanaingia ukurasa uleule. Wateja wangu wa jumla wa Ifakara wamenuna. Wanasema wanunuzi wao wanaziona bei zangu. Nifungue maduka mawili? – Muuza jezi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifungue mawili. Mimi niliwahi, na kwa miezi minne nilikuwa nauza mpira uleule mara mbili: asubuhi rejareja, jioni jumla, kwenda stoo hamna kitu. Mzigo ni mmoja, hesabu iwe moja.

Tenganisha bei tu. Ya rejareja aione kila mtu. Ya jumla aione aliyejisajili ukamkubali, akishaingia kwa nywila yake. Na rejareja yako isishuke chini ya anayouzia mtu wa Ifakara, la sivyo unamnyang'anya mteja yule uliyemuuzia mzigo wewe mwenyewe.

Ila kilichonitia hasara hasa ni seti. Mpira hauna shida: ukitoa namba 5 mmoja kwenye dazeni, inabaki 11, basi. Jezi sivyo. Kijana wa Kihonda ananunua namba 10 ya saizi L, kesho mwalimu anataka seti ya watu 16, nawe una seti yenye pengo. Nani ananunua seti isiyo na namba 10? Ninazo mbili za namna hiyo, za kijani, wajukuu wanazilalia. Siku hizi seti naiandika kama bidhaa moja, haivunjwi. Za rejareja naagiza tupu. Namba napiga mteja akishalipa. Njumu nazo, jumla ni katoni yenye saizi mchanganyiko. Ukimwachia achague, atazoa 41 na 42 akuachie 38 na 46.

Shule zina mambo yao. Zinakuja kwa pamoja UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) zikikaribia, zinataka ankara kwanza na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hela baadaye. Kitufe cha "lipa sasa" hakiwasaidii. Waongezee cha "omba ankara". Mipira unayosafirisha mbali itoe upepo, usilipie basi kubeba hewa.

Wale wa Ifakara wapigie simu leo, kabla hujagusa tovuti.