Jibu: Diskpart imefuta patisheni zangu
Pole, mkuu. Umesema uliandika clean kwenye diskpart (zana ya Windows ya kupanga diski kwa amri) ukidhani umechagua flashi, kumbe ni hadidiski ya kazi. Tulia. Amri hiyo hufuta jedwali la patisheni, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa. Mafaili yenyewe bado yapo kwenye diski. Ungeandika clean all, ambayo huandika sifuri kila sekta (kipande kidogo cha diski), hapo ningekupa pole ya msiba.

Windows ikitaka kuifomati, kataa. Wala usikimbilie chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski: hurekebisha kwa kuandika kwenye diski hiyohiyo, nami iliwahi kunivurugia folda nzima ya picha za harusi.

Kwanza nakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenye nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo. Nunua mpya, ya mtumba ya Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, ni bahati nasibu. Kisha endesha TestDisk, programu ya bure ya kurejesha patisheni, kwenye nakala, itafute patisheni za zamani. Stima ikipotea katikati ya kunakili, huenda ukaanza upya.