Mwalimu, ni ATP 38 au 32?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Baiokemia ya miaka miwili ya mwanzo niliipita kwa kukariri, lakini ya ngazi ya juu inanishinda. Kitabu nilichorithi kwa dada yangu kinasema glukosi moja hutoa ATP 38 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli), mhadhiri anasema 30 au 32. Nikariri ipi?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikariri yoyote, kwa maana hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Kitabu cha dada yako hakikutunga uongo: enzi hizo ilichukuliwa kwamba NADH moja huzaa ATP 3 na FADH₂ moja huzaa 2 (hizo ni molekuli zinazobeba elektroni zilizotolewa kwenye glukosi), namba nzima zilizopendeza macho, ambazo vipimo vya baadaye havikuziunga mkono.

Fikiria bwawa la Mtera. Maji hayageuki kuwa umeme. Hushuka, huzungusha mtambo, na mtambo ndio unaofua umeme. Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza jambo linalofanana na hilo, wengi wakambishia, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel: elektroni zikipita kwenye mnyororo wa upumuaji, yaani msururu wa protini unaozifikisha kwa oksijeni, protoni husukumwa nje ya utando wa ndani wa mitokondria, kisha hurudi kupitia kimeng'enya ambacho, kama tujuavyo sasa, huzunguka kwelikweli kikitengeneza ATP. NADH moja husukuma protoni 10, FADH₂ moja 6, na ATP moja hugharimu protoni 4 hivi, ikiwemo ile inayolipia usafiri wa fosfeti. Gawanya, utapata 2.5 na 1.5. Glukosi moja hutoa NADH 10 na FADH₂ 2, yaani ATP 25 na 3. Ongeza 4 zinazopatikana moja kwa moja, jumla 32. Zile NADH 2 zilizozaliwa nje ya mitokondria zikiingiza elektroni zao kwa njia ya gliseroli fosfeti, kila moja hupoteza ATP 1, nawe unabaki na 30.

Mtihani wa ngazi yako, hata hivyo, huwa hauishii kwenye jumla. Utapewa mchoro wa oksijeni inavyopungua katika chombo chenye mitokondria: ikitiwa oligomaisini, mstari unakaribia kulala; ikitiwa dinitrofenoli, unashuka tena kwa kasi. Kwa nini? Aliyekariri hukwama hapo. Wewe rudi Mtera: oligomaisini imeziba mtambo, bwawa limefurika hadi pampu, yaani mnyororo unaosukuma protoni, zimelemewa, dinitrofenoli imetoboa ukuta, kwa hiyo pampu zinafanya kazi kwa nguvu, oksijeni inaliwa, joto linatoka, lakini ATP haipatikani.

Kwenye diskasheni ya wiki hii, chora mchoro huo bila kufungua daftari, halafu umweleze mwenzako kwa nini, ikitangulia kutiwa sayanaidi, sumu inayoziba mnyororo wenyewe, hata dinitrofenoli haiwezi kuuamsha mstari.