Rhine: usipande meli siku nzima

Dada, kwa kuwa umesema mna siku moja tu na mnaye mtoto, msichukue meli ya Mto Rhine, kule Ujerumani, inayotoka mji wa Mainz hadi Koblenz. Ni ndefu mno, na mwanzoni ni tambarare, hakuna cha kutazama. Pandieni mji wa Bingen au Rüdesheim, mshukie mji wa St. Goar. Hapo ndipo ngome zimesongamana. Bonde lote la Bingen hadi Koblenz ni kama kilomita 65, na UNESCO iliuingiza ukanda huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2002.

Mtakuwa mnashuka na maji, kwa hiyo meli inakwenda haraka kuliko ikipanda. Kijiji cha Bacharach kitakuwa kushoto. Kaub iko kulia, na hapo katikati ya mto kuna Pfalzgrafenstein, ngome juu ya kisiwa kidogo iliyojengwa kutoza ushuru wa vyombo (wababe wa zamani nao walijua pa kuweka kizuizi!). Mwamba wa Loreley uko kulia pia, karibu na St. Goar.

Mkishuka, pandeni hadi Rheinfels, gofu kubwa la ngome lililobomolewa na Wafaransa miaka ya 1790. Mtoto atafurahi huko kuliko kwenye sitaha. Kurudi, chukueni treni. Reli ipo kila ukingo. Meli nyingi ni za Aprili hadi Oktoba, kwa hiyo kama mnakwenda Desemba mtaziona ngome dirishani mwa treni.