Barua za wasomaji: Mzee alijenga Makorora kwa mshahara, mimi kodi ya chumba inanishinda

Shikamoo shangazi. Mimi nina miaka 34, ni opareta wa mashine kiwandani hapa Tanga. Kiwanda hakijaniajiri, niko chini ya wakala na tunasainishwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, huu mwaka wa tano. Mshahara laki nne na nusu. Marehemu mzee alikuwa karani wa stoo hapahapa mjini, hata fomu foo hakufika, ila alijenga nyumba Makorora na akatusomesha wote watano. Mimi nina diploma na kodi ya chumba napiga chenga mwenye nyumba. Majuzi tumekusanywa tukaambiwa hali ngumu nyongeza hakuna, wiki haijaisha tunasikia kampuni imepata faida kuliko mwaka jana na mabosi wamegawana bonasi. Binamu yangu yuko Ohio, Marekani, anafanya kazi ghalani, anasema na kule kilio ni hichohicho. Mke wangu ananiambia mimi ni mzembe wa kutafuta. Hivi shangazi tatizo ni sisi kizazi hiki au kuna kitu kimebadilika? (Opareta, Chumbageni)

Marhaba mwanangu. Wewe si mzembe, na barua hii mwonyeshe mkeo aisome mwenyewe.

Tuanze na hiyo laki nne na nusu maana watu wanaisema kama vile inafika mkononi. NSSF inaondoka asilimia 10, ni 45,000, inabaki 405,000. Kodi ya mshahara inakata asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000, hiyo ni 10,800. Unarudi nyumbani na 394,200, na hapo bado kila sabuni unayonunua ina VAT asilimia 18 ndani yake. Toa chumba, toa nauli, toa ada na madaftari ya watoto, toa unga na mkaa, halafu mtu akuulize mbona hujaweka akiba. Uweke nini?

Sasa huyo binamu yako hakudanganyi. Marekani mwaka 1971 watu wazima 61 katika kila 100 walikuwa kwenye kipato cha kati, kufika 2021 wamebaki 50. Baadhi walipanda juu, ni kweli, lakini wengine waliteremka, na hao waliobaki katikati sehemu yao ya mapato yote ya nchi imesinyaa. Mwaka 1965 bosi mkuu wa kampuni kubwa kule alikuwa analipwa kama mara 21 ya mfanyakazi wake wa kawaida. Mwaka 2023 ilikuwa kama mara 290. Mwanangu, hakuna binadamu aliyeongezeka akili kiasi hicho ndani ya miaka 60, kilichoongezeka ni uwezo wa kujipangia mwenyewe.

Na walijipangia kwa hatua zinazoonekana kabisa. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama vya wafanyakazi, leo ni kama mmoja katika kila kumi. Mwaka 1981 waongoza ndege waligoma, Rais Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000 kwa mkupuo, na kila mwajiri nchini akaelewa kwamba sasa ruksa. Mwaka uliofuata, 1982, ikatoka kanuni iliyozipa kampuni njia salama ya kununua hisa zake zenyewe sokoni. Hii watu wengi hawaijui na ndiyo inayoniuma kuliko zote kwa hiyo niieleze vizuri: kampuni ikipata faida inaweza kuongeza mishahara, au kununua mashine, au kuchukua hela ileile ikanunua hisa zake, hisa zikipungua sokoni zile zilizobaki zinapanda thamani, na bosi analipwa sehemu kubwa kwa hisa, kwa hiyo ameamua matumizi ya faida na uamuzi wake umemtajirisha yeye. Anayeendesha mashine, kama wewe, hapati kitu hapo. Kodi ya mapato ya matajiri nayo, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 70 mwaka 1980, kufika 1988 ni 28. Na kima cha chini cha mshahara kinachowekwa na serikali kuu ya Marekani kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, hakijagusika, bei za vitu zikienda zinavyotaka.

Hapo hakuna uvivu wa kizazi wala bahati mbaya. Wenye kampuni waliongezewa nguvu, wafanyakazi wakapunguziwa, na hela ikafuata nguvu.

Tanga hadithi yake ni nyingine na tusiichanganye. Sisi tulijengwa na mkonge, ulioletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na watu wakisimulia enzi zile utadhani kila mtu alikuwa anakula kuku. Si kweli. Waliokata mkonge walikuwa manamba, vibarua wa mkataba waliotolewa mbali huko Kigoma, Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi), Msumbiji, wamelala kwenye makambi na hawakujenga Makorora. Waliojenga ni watu kama mzee wako, makarani, mafundi wa reli, watu wa bandarini, baadaye wa viwanda vya mbolea na chuma. Tabaka la kati la Tanga ni hao, na mshahara wao haukudondoka kutoka mbinguni. Wapagazi wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, wafanyakazi wa mkonge Mazinde kule Korogwe waligoma 1958, na mishahara ilianza kusogea kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kukaa na njaa ili wasikilizwe. Kisha mwaka 1964 vyama huru vikavunjwa vikawekwa chini ya NUTA, chama kimoja kilichofungamana na serikali, na mimi naamini hapo ndipo tulipopoteza meno, hata kama wakati ule kazi zilikuwepo na hakuna aliyehisi maumivu.

Kazi zenyewe zikaja kuondoka. Kamba za plastiki ziliua soko la mkonge, mashamba yaliyotaifishwa 1967 yakaendeshwa vibaya, tani kama 230,000 za mwaka 1964 zikashuka hadi kama 20,000 mwishoni mwa miaka ya 90 nchi nzima. Kiwanda cha mbolea kikafungwa. Ikaja ubinafsishaji, na pale ajira ziliporudi wengi walizikuta zimevaa nguo ya wakala. Mzee wako aliajiriwa na yule aliyekuwa anauza bidhaa. Wewe kiwanda kinasema si wetu huyu, wakala anasema mimi nalipwa kidogo na kiwanda, na faida iko mahali ambapo wewe huna hata mlango wa kugonga. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yako na baba yako, diploma haiwezi kuiziba.

Sasa la kufanya, maana kukupa pole tu haitoshi. Kwanza hiyo mikataba yote ya miezi mitatu itunze, na salari slipu zote, usitupe hata moja. Wengi wanadhani mtu wa mkataba mfupi hana haki, ndiyo maana wanaogopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawanyima kinga ya kuachishwa isivyo halali wale wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, lakini miezi hiyo inahesabiwa iwe mkataba mmoja au mingi, na wewe unaingia mwaka wa tano. Tena kukataa kukuongezea mkataba wakati ulikuwa na sababu ya msingi kutarajia kuongezewa, kisheria nako ni kuachishwa kazi. Likikukuta, una siku 30 tu za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi, usikae mwezi mzima unasubiri mtu wa rasilimali watu apokee simu.

Pili ni chama. Zungumza na wenzako taratibu, nje ya geti, mjue mko wangapi chini ya huyo wakala. Chama kilichosajiliwa kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali pale, mwajiri analazimika kukitambua na kukaa nacho mezani. Kuna viongozi wa vyama wanaokula na mabosi, najua, na utaniandikia kuniambia hivyo. Wachagueni nyie, na wakiwauza waondoeni. Mtu mmoja akienda ofisini kudai nyongeza anaonyeshwa mlango, lakini zamu nzima haionyeshwi mlango kirahisi kwa sababu mashine zitasimama.

Shangazi habari za kazi. Mimi mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Nakatwa bodi ya mikopo, bima, mfuko wa pensheni, kodi, na mkopo wa benki, nikaona nichukue na hii mikopo ya riba kubwa, kausha damu, kumalizia paa. Sasa kadi yangu ya benki anayo yule mkopeshaji, kila mwisho wa mwezi anatoa yeye ananirushia kilichobaki. Naona aibu kusema popote. (Mwalimu)

Salama mwalimu wangu. Aibu ni ya anayekaa na kadi ya mwalimu. Kesho asubuhi nenda benki, funga hiyo kadi, omba nyingine na namba mpya ya siri. Deni halifutiki kwa kufanya hivyo, utalilipa, lakini utalipa wewe kwa mkono wako na kwa hesabu unayoiona. Muulize ana leseni ya Benki Kuu? Wakopeshaji wa daraja la pili kama yeye mwisho wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, mwambie akuandikie riba yake kwenye karatasi uone kama atakubali. Hizi za kwenye simu ndio msizisogelee kabisa, Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni. Na kwa makato ya mshahara, mtumishi anatakiwa abakiwe na angalau theluthi ya mshahara wake, chukua slipu yako upige hesabu, kama umeshuka chini ya hapo peleka kwa afisa utumishi wa halmashauri kwa maandishi.

Inanichoma kwamba mtu anayefundisha watoto wetu hesabu kafikishwa hapa kwa ajili ya bati.

Shangazi, bomba la mafuta la Chongoleani likiisha si vijana wa Tanga tutakuwa vizuri? (Kijana wa Sahare)

Baadhi yenu ndiyo, wengi hapana. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa Chongoleani, na kazi nyingi ziko kwenye kulijenga. Likishakamilika linahitaji watu wachache wenye ujuzi wa kuliendesha. Faida inafuata hisa: TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, shirika letu la mafuta TPDC 15, kampuni ya CNOOC ya China 8. Kwa hiyo kama una umri wa kusoma, soma uchomeleaji wa viwango, umeme wa viwandani, usalama kazini, hivyo vinakubalika hata bomba likiisha. Na kama ni mpiga kura muulize diwani wako jambo moja tu kwenye mkutano wa hadhara. Kampuni zinazofanya biashara hapa zinatakiwa kulipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo yao. Zipi zimelipa mwaka huu, zimelipa ngapi, na hela imekwenda kwenye nini. Akisema atafuatilia, mwulize lini, na mkutano ujao uwepo.