Lile boma la pale Sokoine Drive, la Mjerumani au la Sultani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nikienda kupanda boti ya Zanzibar huwa nalipita lile jengo la zamani kona ya Sokoine Drive na Morogoro Road. Wenzangu kazini wanabisha kwamba kalijenga Mjerumani, ila kuna mzee pale bandarini ananiambia Mjerumani alilikuta. Nani mkweli? Halafu nyumba ya marehemu babu kule Bagamoyo, ya mawe hivyo hivyo, plasta inadondoka, fundi anataka tupige saruji, tukubali? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mzee yuko sahihi kabisa, wenzako wakubali yaishe. Hilo jengo, maarufu kama Old Boma, lilijengwa 1866 hadi 1867, Mjerumani hata hajanusa huku. Aliyekuwa anaujenga mji pembeni ya kijiji cha Mzizima ni Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, akajijengea kasri na jirani yake hii nyumba ya kufikia wageni. Kasri halipo tena, nyumba ya wageni ndo imebaki! Majid akafariki 1870, ndugu yake Barghash akaingia na wala hakuwa na habari na Dar, kazi zikasimama, mji ukalala mpaka 1887 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kufungua kituo. Wakakuta nyumba imara wakaingia na mafaili yao, na 1891 makao makuu ya koloni yakahamia Dar toka Bagamoyo.

Kama bado wanabisha wapeleke wakaangalie mlango, ni wa nakshi wa Kizanzibari kabisa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko, ndo maana vyumba vya majengo ya namna hii huwa vyembamba, boriti haivuki sana mita 3. Halafu watembee kidogo mpaka kanisa la Azania Front waone Mjerumani akijenga mwenyewe anajengaje, mnara na vigae vyekundu, wapi na wapi. Siku hizi ndani ya Old Boma kuna kituo cha urithi wa majengo, DARCH, ingieni.

Sasa ya babu. Fundi mwambie aweke mwiko chini kwanza. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi toka chini, chokaa inapumua kwa hiyo maji yanajitokea taratibu, ukiziba kwa saruji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, misimu michache tu ya mvua plasta inashuka mabamba mabamba na inaondoka na jiwe. Kibaya zaidi ni ncha za boriti zilizozama ukutani, zinaoza kimya kimya huku dari unaiona nzima. Anzeni na paa, likivuja plasta yoyote ni hela imetupwa, kisha tafuteni fundi anayejua chokaa, Zanzibar wapo. Na kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, lile ni eneo la hifadhi, msigonge ukuta bila kibali.